Kiti cha Anayesema Hapana

Tamko la pamoja lilikuwa limeshachapwa. Tulilikuta ndani ya bahasha ya kaki mbele ya kila kiti, kurasa nne, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari mitatu ya sahihi: serikali, sekta binafsi, asasi za kiraia. Juu iliandikwa tarehe ya siku ileile. Majadiliano yalikuwa hayajaanza.

Nilikuwa nimealikwa upande wa asasi. Hotuba za ufunguzi zikapita, makofi yakapigwa, kisha ukafika wakati wa maswali. Mama mmoja wa makamo, kiongozi wa kikundi cha wanawake, akasimama akiwa ameushika ule ukurasa wa mwisho.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuuliza. Sisi tukisema hapana, hapa pataandikwa nini?"

Mwenyekiti alitabasamu. "Mama yangu, tumekuja kushirikiana. Hakuna aliyekuja hapa kupinga."

Watu wakacheka kidogo. Mama akaketi. Jioni tamko likasainiwa kama lilivyokuwa, na picha zikapigwa.

Hilo swali limenikaa kichwani kwa wiki nyingi sasa.

Mafiga matatu

Kila anayezungumzia ushirikiano wa serikali, wafanyabiashara na asasi za kiraia hufika kwenye mafiga matatu. Chungu hakikai kwenye figa moja, wala mawili. Nimeusikia mfano huo kwa miaka, na kwa miaka nimeukubali, kwa sababu una ukweli ndani yake. Serikali ina sheria na kodi. Wafanyabiashara wana mitaji na ujuzi wa kuendesha mambo. Asasi ziko karibu na watu, na mara nyingi zinajua jambo limeharibika wapi kabla taarifa haijafika wizarani.

Lakini mafiga yanalingana. Ndiyo maana chungu hakipinduki. Pande hizi tatu hazilingani hata kidogo. Mmoja anaweza kumfutia mwenzake usajili. Mwingine anaweza kuhamisha kiwanda. Wa tatu, mara nyingi, anasubiri nauli ya kumrudisha nyumbani kutoka kwenye mkutano huohuo.

Kwa hiyo nimeanza kuutazama ushirikiano kwa jicho jingine. Siku hizi sijali sana nani amealikwa. Nataka kujua yule dhaifu kuliko wote akikataa jambo, nini kinatokea: jambo linasimama au linaendelea? Na yeye mwenyewe anabaki kwenye kiti chake, au mkutano ujao haupati mwaliko?

Nilianza kuipitia miradi na mikataba ninayoijua nikiwa na swali hilo. Mingine iliyosifiwa sana ikaanza kuonekana tofauti. Mingine ambayo sikuwahi kuiona kama mfano wa ushirikiano ndiyo iliyonishika.

Jengo la ghorofa nane

Tarehe 23 Aprili 2013, katika mji wa Savar nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, nyufa kubwa zilitokea kwenye kuta na nguzo za jengo la Rana Plaza. Watu wakatolewa nje. Mhandisi aliyeitwa kulitazama akasema si salama. Ghorofa za chini kulikuwa na maduka na tawi la benki, na ghorofa za juu viwanda vya nguo.

Kesho yake asubuhi wafanyakazi wa benki hawakurudi. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliamriwa kurudi, na baadhi walitishiwa kukatwa mshahara wakikataa. Kabla ya saa tatu umeme ukakatika, majenereta makubwa ya ghorofa za juu yakawashwa, na jengo likaporomoka. Walikufa watu zaidi ya 1,100. Waliojeruhiwa walipita 2,000.

Benki na viwanda vilikuwa chini ya paa moja, na nyufa zilikuwa zilezile. Aliyeweza kukataa alibaki nyumbani. Asiyeweza aliingia.

Na jengo lile halikukosa wadau. Serikali ilikuwepo: ghorofa za juu ziliongezwa kinyume cha sheria, na mwenye jengo alikuwa na uhusiano na wanasiasa. Wafanyabiashara walikuwepo: nguo zilishonwa kwa ajili ya chapa zinazojulikana Ulaya na Marekani, na baadhi ya viwanda vya mle ndani vilikuwa vimekaguliwa chini ya mipango ya hiari ya wanunuzi. Fomu zilijazwa. Asiyekuwepo ni mtu wa kumsemea mshonaji, kwa sababu hapakuwa na chama cha wafanyakazi katika kiwanda hata kimoja kati ya vile.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba maafa ya namna hii yanatokana na pande tatu kutoshirikiana. Rana Plaza ilinionyesha serikali na biashara zinazoshirikiana vizuri sana, huku upande wa tatu ukiwa umefungiwa nje.

Sahihi yenye meno

Kilichofuata ndicho ninachotaka tukitazame kwa utulivu.

Mwezi Mei mwaka huohuo, vyama vya wafanyakazi vya kimataifa na vya Bangladesh vilitia sahihi na makampuni ya nguo mkataba unaoitwa Accord, kuhusu usalama wa moto na majengo. Makampuni zaidi ya 200 hatimaye yaliingia. Makubaliano ya viwandani yalikuwa mengi tayari, na karibu yote yalikuwa ahadi za hiari. Huu ulikuwa mkataba unaobana kisheria.

Kamati ya uongozi ilikuwa na idadi sawa ya viti kwa vyama vya wafanyakazi na kwa makampuni, na Shirika la Kazi Duniani likashika uenyekiti bila kuegemea upande. Wakaguzi waliingia katika viwanda zaidi ya 1,600. Ripoti za ukaguzi ziliwekwa wazi kwa jina la kiwanda: nguzo gani imezidiwa uzito, mlango gani wa dharura unafungwa kwa kufuli, lini kasoro itarekebishwa. Kiwanda kilichogoma kurekebisha kilipoteza biashara na makampuni yote yaliyosaini, hata yale ambayo hayakuwa wateja wake siku hiyo. Na mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia kwenye jengo analoamini ni hatari bila kupoteza kazi wala mshahara.

Isome tena haki hiyo ya mwisho ukikumbuka asubuhi ya tarehe 24 Aprili.

Mwaka 2016 vyama vya wafanyakazi vilipeleka makampuni mawili mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi iliyoko The Hague, Uholanzi, vikidai hayatimizi ahadi zao. Kesi zote mbili ziliishia kwa mapatano. Katika moja, Januari 2018, kampuni ilikubali kulipa dola za Marekani milioni 2.3, sehemu kubwa ya fedha hizo ikienda kwenye marekebisho ya viwanda. Vyama vya wafanyakazi viliifikisha kampuni kubwa ya kimataifa mbele ya wasuluhishi, na uhusiano haukuvunjika. Vyama na makampuni viliendelea kukaa kwenye kamati ileile.

Ningetamani yule mwenyekiti aliyetabasamu aisikie habari hii. Kushitakiana na kushirikiana vilikaa pamoja, na kimoja kilikipa kingine nguvu.

Lakini kuna jambo linanisumbua, nami sitalificha. Serikali ya Bangladesh ilikuwa wapi? Ilikuwa na mpango wake wa kitaifa, na ukaguzi wake wa viwanda ambavyo havikuwa chini ya wanunuzi hawa. Hata hivyo kazi kubwa ya kuhakikisha jengo haliwaangukii raia ilifanywa na mkataba wa makampuni ya nje na vyama. Kadiri miaka ilivyopita, serikali na wenye viwanda walianza kuuliza wageni hawa wataondoka lini, na suala likafika Mahakama Kuu. Mwanzoni niliona ni visingizio vya watu waliochoka kukaguliwa. Nikiendelea kufikiri, naona swali lenyewe lilikuwa halali. Nchi haiwezi kuukodisha wajibu wa kulinda uhai wa watu wake milele. Mwaka 2020 kazi ilikabidhiwa kwa baraza jipya la ndani, lenye viti sawa kwa pande tatu: wenye viwanda, makampuni ya nje na vyama vya wafanyakazi. Hesabu ya viti ilibadilika kimyakimya hapo. Vyama vilivyokuwa na nusu sasa vina theluthi.

Waliokataa mwaka 2003

Ireland ndiyo nchi niliyokuwa nikiitaja kila nilipoulizwa mfano wa pande zote kukaa pamoja. Mwaka 1987, ikiwa imelemewa na madeni na ukosefu wa ajira, serikali, waajiri, vyama vya wafanyakazi na wakulima walikubaliana mpango wa miaka mitatu: mishahara ipande taratibu, kodi ipunguzwe, migomo ipungue. Mipango mingine ikafuata, mmoja baada ya mwingine, kwa zaidi ya miaka 20. Katikati ya miaka ya 1990 asasi za kijamii nazo zilipewa nguzo yao, yaani upande wao rasmi kwenye majadiliano. Wawakilishi wa wasio na ajira, wanawake na watu maskini waliingia rasmi.

Halafu likaja pendekezo la makubaliano ya mwaka 2003. Baraza la Taifa la Wanawake la Ireland pamoja na jukwaa la asasi za kijamii waliyasoma, wakaona hayana kitu cha maana kwa watu wanaowawakilisha, wakakataa kuyaridhia.

Wakatolewa kwenye mfumo.

Hapakuwa na polisi wala kufutiwa usajili. Ilikuwa nchi ya kidemokrasia, yenye watu wastaarabu na taratibu zilizoandikwa: usiporidhia makubaliano, huna nafasi katika kamati zinazoyatekeleza. Kwa mtazamo wa ofisi, jambo hilo lina mantiki kabisa, na hapo ndipo ninapoogopa. Kiti chao kilikuwa na sharti moja ambalo halikusemwa kwa sauti, nalo ni kwamba kila mzunguko uishie kwa ndiyo.

Mfumo wenyewe ulisambaratika mwaka 2009, msukosuko wa fedha ulipoikumba nchi na serikali ikaamua kupunguza mishahara ya watumishi wa umma bila makubaliano. Waajiri, vyama na asasi, wote wakajikuta nje. Waliotolewa mwaka 2003 walikuwa wamelijua jibu mapema zaidi.

Hospitali iliyofanya kazi vizuri

Lesotho inanipa taabu ya aina nyingine.

Mwaka 2008 serikali ilisaini mkataba wa ubia wa miaka 18 na muungano wa makampuni, kwa ushauri wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo ni sehemu ya Kundi la Benki ya Dunia. Makampuni yajenge hospitali mpya ya taifa mjini Maseru, yaiendeshe, nayo serikali ilipe kila mwaka. Hospitali ya Malkia 'Mamohato ilifunguliwa mwaka 2011 kuchukua nafasi ya hospitali chakavu iliyokuwepo.

Na ilifanya kazi. Nalisema hili kwa sababu watetezi wengi wa haki, rafiki zangu wakiwemo, hulipita haraka. Vifo wodini vilipungua. Kulikuwa na chumba cha wagonjwa mahututi na huduma ambazo watu walikuwa wakizifuata Afrika Kusini.

Shida ilikuwa ndani ya mkataba. Malipo ya kila mwaka yaliwekewa kikomo cha wagonjwa 20,000 wa kulazwa na 310,000 wa nje. Wakizidi hapo, serikali inalipia kila wa ziada. Hospitali ikawa nzuri, watu wakaifuata, idadi ikavuka kikomo, bili ikapanda. Mafanikio yenyewe ndiyo yaliyoitoboa hazina. Mwaka 2014 shirika la Oxfam na chama cha kutetea walaji cha Lesotho walitoa ripoti iliyosema hospitali hiyo moja inameza asilimia 51 ya bajeti ya afya ya nchi. Benki ya Dunia ilipinga hesabu hiyo, ikisema sehemu ni ndogo zaidi. Mabishano yalidumu miaka, na mwaka 2021 mkataba ukavunjwa kabla ya wakati wake.

Utaona asasi iliingia lini. Miaka sita baada ya sahihi, mitatu baada ya milango kufunguliwa. Kazi yake ikawa kuandika ripoti ya kulaumu, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo pekee iliyobaki. Ningependa kujua ingekuwaje kama mtu anayewasemea wagonjwa wa vijijini angekiona kile kifungu cha wagonjwa 20,000 kikiwa bado rasimu, akauliza swali la kawaida kabisa: na wakija 25,000?

Tunapozilaumu asasi kwamba hazijui lolote zaidi ya kupinga, tuangalie zilipewa karatasi siku gani. Mtu anayeonyeshwa mkataba baada ya kusainiwa hana la kuchangia zaidi ya makofi au lawama.

Kijiti cha kupimia

Mfano ulionibadilisha mawazo unahusu ugonjwa, na nilikuwa nikiujua siku zote bila kuuhesabu kama ushirikiano wa kitaifa.

Usubi huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji yaendayo kasi. Minyoo huishi mwilini miaka mingi, ngozi huwasha bila kikomo, na mwisho wake waweza kuwa upofu. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kwamba itatoa dawa yake ya ivermektini bure, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wote utakaohitajika. Ahadi hiyo inatimizwa hadi leo. Serikali zikapokea, mashirika ya hiari yakasaidia usafiri na mafunzo, Benki ya Dunia ikatunza mfuko wa fedha, Shirika la Afya Duniani likasimamia.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mtu wa kuimeza.

Dawa hii haiui minyoo mikubwa. Inaua vijidudu vyake vichanga, kwa hiyo lazima inywewe angalau mara moja kwa mwaka, kwa miaka 10 hadi 15, na karibu kila mtu mwenye sifa kijijini. Mwanzoni timu za afya zilifika na magari, zikagawa siku zilizopangiwa ofisini, zikaondoka. Walikuta watu mashambani. Walikuta watu wanaoogopa uvimbe na muwasho unaoweza kumpata mtu baada ya kunywa. Na hapa hakuna sheria wala mtaji unaosaidia, kwa sababu mtu akifunga mdomo amefunga.

Katikati ya miaka ya 1990 wakaamua kukabidhi madaraka. Kijiji chenyewe kikae, kichague mgawa dawa, kipange mwezi na siku, kiamue dawa igawiwe nyumba kwa nyumba au mahali pamoja. Mgawa dawa asipofaa, kijiji kimwondoe. Njia hiyo ikawa msingi wa mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi ulioanza mwaka 1995 na kufika nchi zaidi ya 15.

Kifaa kinachoelezea mabadiliko hayo vizuri kuliko hotuba yoyote ni kijiti. Dozi ilipaswa kufuata uzito, na mizani ni mzigo, inaharibika, inahitaji mtaalamu. Wakagundua urefu unatosha. Kijiti kikawekwa alama: chini ya sentimeta 90 hupewi; 90 hadi 119 kidonge kimoja; 120 hadi 140 viwili; 141 hadi 158 vitatu; zaidi ya hapo vinne. Unasimama kando yake, mgawa dawa anatazama alama, anaandika kwenye daftari la kijiji. Utaalamu wa maabara ulishushwa mpaka ukaingia mkononi mwa mtu aliyechaguliwa na jirani zake.

Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Niger imeukomesha usubi, nchi ya kwanza Afrika kufika hapo. Colombia, Ecuador, Mexico na Guatemala zilitangulia kati ya mwaka 2013 na 2016.

Nilipolifikiria hili ndipo nilipoona tofauti. Wanakijiji hawakupewa uwezo wa kukataa na mtu yeyote. Walikuwa nao tayari, mdomoni mwao. Serikali, kampuni na mashirika walilazimika kujipanga upya kuuzunguka uwezo huo, na matokeo yakawa mazuri kuliko ya mpango wa awali. Kwenye miundombinu, madini, bandari au umeme, mwananchi hana mdomo wa kufunga namna hiyo. Bwawa litajengwa amemeza au hakumeza. Huko uwezo wa kukataa lazima uandikwe, kwa sababu hauji wenyewe.

Hata hapa pana deni. Wagawa dawa wengi wamefanya kazi hii miaka na miaka bila malipo, au kwa posho ndogo ya siku za mafunzo. Kampuni ilipata heshima, maofisa walipata mishahara, mashirika yalipata ruzuku. Anayetembea nyumba kwa nyumba na kijiti chake akaambiwa anajitolea kwa jamii yake. Sijaona tamko la pamoja lililokaa sawasawa juu ya hilo.

Nani aliwachagua?

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Ofisa mmoja wa serikali, mtu mwadilifu, aliwahi kuniambia: "Ndugu yangu, mimi waziri wangu alipigiwa kura. Hao wa asasi nani aliwapigia? Kwa nini wawe na uwezo wa kuzuia?"

Sina jibu jepesi. Zipo asasi ambazo wanachama wake ni mkurugenzi, mhasibu na mfadhili wa ng'ambo. Zipo zinazobadilisha msimamo kila ruzuku inapobadilika. Ukizipa hizo uwezo wa kusimamisha miradi ya nchi, umempa uwezo huo mtu aliye mbali ambaye hakuna anayeweza kumwajibisha. Na serikali ikisimamishwa na kila kundi kwa kila jambo, barabara hazijengwi.

Hata hivyo nimeona njia moja ikifanya kazi mahali pagumu kuliko pote, kwenye mafuta, gesi na madini. Mpango wa kimataifa wa uwazi katika rasilimali hizo, EITI, unaitaka kila nchi mwanachama iwe na kamati ya pande tatu. Kampuni zinatangaza zilicholipa, serikali inatangaza ilichopokea, na hesabu zinalinganishwa hadharani. Kwa mikataba iliyosainiwa au kurekebishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2021, mkataba wenyewe unatakiwa uwekwe wazi. Asasi hazina mamlaka ya kuzuia kisima kisichimbwe. Zina ulinzi wa kusema bila kuadhibiwa, na ulinzi huo unapimwa kama sehemu ya uanachama wa nchi. Azerbaijan, iliyokuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kutimiza masharti, ilishushwa daraja mwaka 2015 kwa sababu ya kuzibana asasi. Ilipofika Machi 2017 ikasimamishwa, na serikali yake ikachagua kujitoa.

Visima vya Azerbaijan havikukauka kwa hilo, najua. Lakini hapo unyamazishaji ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ilimwangukia aliyenyamazisha. Kwingine kwingi nilikotazama, gharama humwangukia aliyesema.

Kwa hiyo namjibu yule ofisa hivi, kadiri ninavyoweza leo. Kura ya waziri inampa haki ya kuamua. Haimpi haki ya kuamua gizani, wala ya kumwadhibu anayesema amekosea. Asasi nayo ionyeshe inamsemea nani, fedha zake zinatoka wapi, na walioituma wanaweza vipi kuiondoa, kama kijiji kinavyoweza kumwondoa mgawa dawa. Mkataba ufike mikononi mwa pande zote siku moja, ukiwa rasimu. Hapana yoyote iandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na sababu zake, na aliyeisema aalikwe tena.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji wenye nguvu kukubali kusumbuliwa mapema, na kwa watu waliozoea kutosumbuliwa, najua hilo ni kubwa kuliko fedha.

Karachi

Mwezi Septemba 2012, miezi saba kabla ya Rana Plaza, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua mjini Karachi, Pakistan. Walikufa watu zaidi ya 250. Madirisha yalikuwa na nondo, na milango mingi ya kutokea ilikuwa imefungwa. Wiki chache kabla ya moto huo, kiwanda kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha kuthibitisha kwamba kinazingatia haki na usalama wa wafanyakazi.

Wafanyakazi wa Pakistan na familia za waliofiwa walidai miaka mingi wapate mkataba kama ule wa Bangladesh. Mkataba huo ulianza kazi nchini mwao mwaka 2023, ukiwa na ukaguzi huru, ripoti za wazi na haki ya mfanyakazi kukataa kazi hatari. Uliwachukua zaidi ya miaka 10, na sijaona sababu ya kitaalamu iliyouchelewesha. Majengo yalikuwa yanajulikana, wanunuzi walikuwa wanajulikana, na maneno ya mkataba yalikuwa yameshaandikwa tangu Mei 2013.